Kusoma Kigae: Kauri ya China Kuanzia Udongo Wake

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu wa Kilwa, walimu wa historia, wanafunzi wa akiolojia, na ninyi ndugu zangu mnaowatembeza wageni kwenye magofu: wakubwa wangu shikamooni, na wengine wote nawasalimu kwa heshima.

Hapa mezani nimeweka trei yenye vigae vinne. Cha kwanza ni cha kijani, kizito, kipana kama kiganja cha mkono. Cha pili ni kitako cha bakuli jeupe lenye michoro ya bluu. Cha tatu ni kidogo, rangi yake ni manjano iliyofifia, na kina mstari wa kahawia uliochorwa kwa haraka. Cha nne ni cha chungu chetu cha hapa pwani, na upande wake wa nje ungali una masizi. Vyote vilichimbwa kwa utaratibu, kila kimoja kina namba yake, na jioni hii vitarudi ghalani. Sikuvileta ili tuvistaajabie. Nimevileta ili tuvisome.

Nimekulia Kisiwani, ng'ambo ya maji haya, na sisi watoto tulivichezea vigae kama hivi bila kujua ni nini. Bahari ikipwa tulishuka ufukweni kuviokota, na tulivithamini vya bluu kuliko vya kijani kwa sababu viling'aa zaidi vikilowa. Tukimuuliza mtu mzima vilikuwa vya nani, alijibu kwamba ni vya Wachina, na mazungumzo yakaishia hapo. Nilipokuwa mtu mzima nikaingia katika kazi hii, nilikuta kwamba hata kwenye vitabu vingi vya shule zetu mazungumzo yanaishia palepale.

Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani hii kati ya Dar es Salaam na Kilwa, akaona wingi wa vigae vya China, akasema kwamba historia ya Tanganyika iliyofukiwa ardhini, kuanzia karne ya 10, imeandikwa kwa kauri za China. Kauli hiyo inapendwa sana na hurudiwa mara kwa mara, nami kwa miaka mingi imenikera kwa jambo moja na kunisukuma kwa jingine. Imenikera kwa sababu mtu yeyote aliyechimba shimo moja katika mji wa kale wa Waswahili anajua kwamba vigae vya kigeni ni sehemu ndogo sana ya vinavyotoka. Vilivyo vingi ni vya vyungu vilivyofinyangwa na mikono ya wanawake wa hapahapa. Imenisukuma kwa sababu, ikiwa kweli sehemu ya historia yetu imeandikwa kwa kauri, basi ni aibu kwetu kuwa na maandishi mlangoni na tusijue kuyasoma. Kuyasoma hakuanzii Kilwa. Kunaanzia kwenye kilima cha udongo katika jimbo la Jiangxi, kusini mwa China, na huko ndiko ninakotaka kuwapeleka leo.

Kabla hatujafika, niruhusuni nisimame kidogo kwenye neno lenyewe. Kiswahili kinamwita kauri yule konokono wa bahari mwenye gamba laini linalong'aa, na kwa jina hilohilo kinaviita vyombo vyeupe kutoka China. Waitaliano nao walifanya vivyo hivyo: porcellana lilikuwa jina la gamba kabla ya kuwa jina la chombo, na Marco Polo alilitumia kwa vyote viwili. Watu walioishi mbali namna ile walishika kitu kilekile mkononi wakakumbuka kitu kilekile cha baharini. Lakini mfanano huo uliwapotosha baadhi ya watu. Duarte Barbosa, Mreno aliyeandika mwanzoni mwa karne ya 16 na ambaye ameielezea hata Kilwa yetu, aliamini kwamba vyombo hivyo hutengenezwa kwa makombe na maganda ya mayai yaliyosagwa na kufukiwa ardhini kwa miaka mingi. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 na baadaye akaenda China, alikuwa karibu zaidi na ukweli, kwani alijua kwamba ni udongo wa milimani na kwamba vyombo vyake husafirishwa mpaka India na kuendelea hadi kwao Maghribi. Hata yeye, hata hivyo, hakuielewa kazi ya moto.

Twende kwenye udongo. Mji wa Jingdezhen ulipata jina lake mwaka 1004, wakati mfalme Zhenzong wa enzi ya Song alipoupa jina la kipindi cha utawala wake kilichoitwa Jingde. Vyombo vilikuwa vikitengenezwa pale kabla ya hapo, na vinatengenezwa mpaka leo. Siri ya mji huo ni kwamba kauri yake haitokani na udongo mmoja. Kuna jiwe la kauri, ambalo ni mwamba uliochakaa wenye kwatzi na ulanga ndani yake. Jiwe hilo lilipondwa kwa nyundo kubwa zilizoendeshwa na maji ya kijito, likachekechwa majini, na tope lake laini likakandwa kuwa matofali madogo meupe yaliyouzwa kwa wafinyanzi. Kisha kuna kaolini, udongo mweupe ulioitwa kwa jina la kilima cha Gaoling, maana yake kilima kirefu, kilicho karibu na mji huo. Jiwe la kauri huyeyuka kwa moto mkali na kuwa kama kioo. Kaolini haiyeyuki kirahisi; hubaki imesimama na kukishikilia chombo kisianguke wakati sehemu nyingine inalainika.

Padri Mfaransa wa shirika la Wajesuiti, François Xavier d'Entrecolles, aliyeishi katika eneo hilo na kuandika barua mbili mashuhuri kuhusu kazi hii, ya kwanza mwaka 1712 na ya pili mwaka 1722, alisimulia kisa cha Wazungu walionunua matofali yale meupe wakayapeleka kwao ili watengeneze kauri wenyewe, wakashindwa, kwa kuwa hawakuchukua kaolini. Mfanyabiashara wa Kichina aliyesikia habari hiyo alicheka, akasema kwamba watu hao walitaka mwili wa nyama usio na mifupa. Sijapata maelezo yaliyo wazi kuliko hayo, na kila ninapofundisha huanza nayo: kaolini ni mfupa, jiwe la kauri ni nyama. Wafinyanzi wa Jingdezhen walipozoea kuchanganya viwili hivyo, hasa tangu enzi ya Yuan katika karne ya 13 na ya 14, waliweza kufinyanga masinia mapana na mitungi mikubwa ambayo udongo wa zamani usingeweza kuihimili motoni.

Chukueni sasa kigae cha nne, kile cha chungu chetu, mkilinganishe na cha pili. Pale kilipovunjika, chetu kina chembechembe, kina vitundu, na ukikigusa kwa ulimi kinanata, kwa sababu maji hupenya. Mfinyanzi wetu huchoma vyungu vyake uwanjani, chini ya kuni na nyasi kavu, na joto lake mara nyingi halifiki nyuzi 1,000 za Sentigredi. Kauri huchomwa kwa takriban nyuzi 1,300. Katika joto hilo udongo hauwi tena udongo. Unashikamana kabisa, hauingizi maji, ukiwa mwembamba unapitisha mwanga, na ukiupiga kwa ukucha unalia kama kengele. Wala msidhani nasema hivi ili kukidunisha chungu. Vitundu vile ndivyo vinavyokifanya kistahimili moto wa mafigani, na ndivyo vinavyoyapoza maji mtungini. Bakuli la kauri ukiliinjika mafigani litapasuka. Kila chombo kilifanywa kwa kazi yake, na mama zetu waliijua kazi ya chombo chao.

Moto huo mkali Wachina hawakuupata kwa siku moja. Vigae vya vyungu vya watu wa kale vilivyopatikana katika pango la Xianrendong, huko Jiangxi, vimekadiriwa kuwa na umri wa miaka ipatayo 20,000, navyo ni miongoni mwa vyungu vya kale kuliko vyote vinavyojulikana duniani. Katika enzi ya Shang, zaidi ya miaka 3,000 iliyopita, tayari palikuwa na vyombo vigumu vilivyochomwa kwa nyuzi zipatazo 1,200 na kuvishwa glezi, yaani utando wa kioo, iliyotokana na majivu. Wataalamu wengi wa China wanaihesabu kauri kamili kuanzia enzi ya Han ya Mashariki, kati ya mwaka 25 na 220, katika majoko, yaani matanuri ya kuchomea vyombo, ya Shangyu, jimbo la Zhejiang. Huko walichoma kauri ya kijani. Kaskazini, karne kadhaa baadaye, wafinyanzi wa Xing na wa Ding walipata udongo wenye asili ya kaolini wakafanya vyombo vyeupe. Katika karne ya 8 bingwa wa chai Lu Yu aliifananisha kauri nyeupe ya Xing na fedha na theluji, na ile ya kijani ya Yue, kule Zhejiang, akaifananisha na jiwe la jedi na barafu, akaipendelea ya kijani kwa kuwa chai ilipendeza zaidi ndani yake. Tangu wakati huo, basi, watu walikuwa wakibishana juu ya rangi ya kikombe, na ubishi wao ulitokana na kukitumia.

Hapo ndipo ninapoinua kigae cha kwanza, hiki cha kijani, na hiki nakipenda kuliko vyote. Kimetoka Longquan, kusini mwa Zhejiang. Kule majoko yalijengwa yakipanda mgongo wa kilima, marefu makumi ya mita, ndiyo maana yaliitwa majoko ya joka. Moto uliwashwa chini, joto likapanda lenyewe kama moshi unavyopanda dohani, na wachomaji waliendelea kutia kuni kupitia matundu ya ubavuni, hatua kwa hatua, mpaka juu. Vyombo havikuachwa wazi. Kila kimoja kiliwekwa ndani ya kasha la udongo mgumu ili majivu na ndimi za moto zisikiguse, na makasha yakapangwa moja juu ya jingine.

Rangi hii ya kijani haikupakwa. Ndani ya glezi mna chuma kidogo tu, asilimia moja au mbili. Mchomaji akiuacha moto upate hewa tele, chuma hicho kitaleta rangi ya manjano au kahawia. Akiubana, akatia kuni nyingi na kupunguza hewa, moto wenye njaa huinyang'anya glezi oksijeni yake, na chuma kilekile kinageuka kijani, wakati mwingine kijani chenye ubuluu kama bahari ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe. Wafinyanzi wa Longquan wa enzi ya Song ya Kusini walivisha glezi tabaka juu ya tabaka, nene, ndani yake mkabaki viputo vidogo visivyohesabika vinavyoutawanya mwanga. Ndiyo sababu ukikitazama kigae hiki unaona kama rangi inatoka ndani. Sasa kigeuzeni muangalie kitako. Pale ambapo glezi ilifutwa ili chombo kisigande na kasha lake, udongo umekuwa mwekundu kama kutu. Joko lilipoanza kupoa hewa iliingia tena, na chuma kilichokuwa kwenye udongo ulio wazi kikarudi kuwa chekundu, huku kilichofunikwa na glezi kikibaki kijani. Pete hiyo nyekundu kwenye kitako imenisaidia mara nyingi kuliko kitabu chochote.

Tunajuaje kwamba kigae kama hiki ni cha karne ya 14 na si cha karne ya 12? Mojawapo ya majibu lilitoka baharini. Katikati ya miaka ya 1970, karibu na Shinan nchini Korea, nyavu za mvuvi zilinasa vyombo vya kauri, na uchimbaji wa chini ya maji ukafichua meli iliyokuwa ikitoka Ningbo kwenda Japani. Vibao vya mbao vilivyofungwa kwenye mizigo vilikuwa na tarehe inayolingana na mwaka 1323. Humo mlikuwa na vyombo zaidi ya 20,000, na zaidi ya nusu yake vilikuwa vya kijani vya Longquan. Siku ile meli ilipozama ilifunga ghala zima la mwaka mmoja, na leo sinia la kijani linalopatikana penginepo tunaweza kulilinganisha na yale.

Kigae cha tatu, hiki kidogo, kina ndugu zake katika meli nyingine, na habari yake inatugusa sisi kwa namna ya pekee. Mwaka 1998 wavuvi wa kisiwa cha Belitung, Indonesia, waligundua mabaki ya meli ya karne ya 9 yenye vyombo takriban 60,000. Vingi vilikuwa bakuli za majoko ya Changsha, jimbo la Hunan, zilizochorwa kwa kahawia na kijani: ndege, samaki, mawingu, beti fupi za mashairi, na hata michoro inayofanana na maandishi ya Kiarabu. Bakuli moja lilichongwa tarehe inayolingana na mwaka 826. Bakuli hizo zilikuwa zimepangwa kwa mzunguko ndani ya mitungi mikubwa ili zisivunjike. Na meli yenyewe haikuwa ya Kichina. Ilikuwa jahazi la Bahari ya Hindi ya Magharibi, mbao zake zimeshonwa kwa kamba bila msumari hata mmoja, kwa ufundi wa jamii moja na ule uliounda mtepe wa Lamu. Mchoraji wa Hunan alichora haraka, kwa wingi, kwa soko asilolijua, na kazi yake ikafika Unguja Ukuu na Shanga. Wengine huvidharau vigae hivi kwa kuwa mchoro wake ni wa haraka. Mimi nauona mkono uliozoea kazi, ambao hauhitaji kufikiri tena mahali pa kuweka brashi.

Tulirudie bakuli la bluu na nyeupe, ambalo kila mtu anadhani anamjua mwenyewe. Bluu hiyo ni kobalti. Katika enzi ya Yuan kobalti iliyo bora ililetwa Jingdezhen kutoka Uajemi; kwa hiyo chombo tunachokiita cha Kichina kabisa kimechanganya udongo wa Jiangxi na madini ya nchi za Waislamu, na wanunuzi wake wa kwanza wa masinia makubwa walikuwa Waislamu wa Asia ya Magharibi, watu waliokula pamoja kutoka sinia moja kama sisi tunavyokula. Karne kadhaa kabla ya hapo wafinyanzi wa Iraki walishaiona kauri nyeupe ya China, wakaiiga kwa kupaka vyombo vyao glezi iliyotiwa bati, wakachora juu yake kwa kobalti. Bluu juu ya nyeupe ilikwenda na kurudi baharini kabla haijawa alama ya Jingdezhen.

Mchoraji huchora juu ya udongo mkavu ambao haujachomwa. Udongo huo hufyonza rangi papo hapo, na aliyekosea hana pa kufutia. Kisha chombo huvishwa glezi na kuchomwa mara moja tu, bluu ikafungwa chini ya kioo milele. Ndiyo maana kigae kilichokaa mchangani miaka 600 rangi yake haijatoka. Kobalti ile ya Uajemi ilikuwa na chuma kingi, hivyo pale brashi ilipolemea, bluu iliganda ikawa madoa meusi kama matone ya wino. Wachoraji wa baadaye waliyaiga madoa hayo kwa kuyachora kwa ncha ya brashi, doa moja moja, na mtu mwenye jicho huona kwamba yamewekwa.

Ujuzi wa kuipanga kauri hii kwa miaka yake ni wa juzi tu. Vipo vyungu viwili virefu vya maua, mali ya mkusanyaji Percival David, ambavyo leo vinaonyeshwa Makumbusho ya Uingereza, London. Shingoni vina maandishi yanayoeleza kwamba bwana mmoja wa ukoo wa Zhang alivitoa sadaka kwenye hekalu mwaka unaolingana na 1351. Mtaalamu wa kauri R. L. Hobson alizieleza habari zake mwaka 1929, lakini wengi waliendelea kuamini kwamba bluu na nyeupe iliyokomaa ilianza enzi ya Ming, iliyoifuata Yuan. Katika miaka ya 1950 Mmarekani John Alexander Pope alizichukua sifa za vyungu hivyo viwili, akaenda nazo kwenye hazina ya Topkapı mjini Istanbul, yenye vyombo vya China zaidi ya 10,000, na kwenye vile ambavyo Shah Abbas wa Uajemi aliviweka wakfu katika ziara ya Ardabil, yaani mahali patakatifu pa kuzuru, akavitambua vyombo vya Yuan kimoja baada ya kingine. Vilikuwa vimekaa pale karne nyingi bila kutambuliwa. Upande wa China, daktari Chen Wanli alikuwa ameshachoka na desturi ya wasomi kubishana sebuleni juu ya vyombo vizima. Kuanzia mwaka 1928 alikwenda mwenyewe Longquan, mara nyingi kwa miguu, kuokota vigae kwenye majaa ya majoko. Huyo namhesabu kuwa mwalimu wangu, ingawa alifariki dunia kabla mimi sijajua kusoma.

Tena, wanafunzi wangu, sikilizeni hili. Kauri iliyotengenezwa kwa ajili ya wafalme wa Ming nayo inajulikana kwa vigae. Chombo cha ikulu kilichotoka motoni kikiwa na kasoro hata ndogo hakikuruhusiwa kuuzwa wala kutumiwa na mtu mwingine. Kilivunjwa na kufukiwa ndani ya ua wa joko la kifalme, pale Zhushan, katikati ya Jingdezhen. Tangu miaka ya 1980, Liu Xinyuan na wenzake walivifukua na kuviunganisha upya, tabaka kwa tabaka, kila enzi mahali pake. Miongoni mwa vilivyorudishwa umbo ni mikebe ya kufugia nyenje ya wakati wa mfalme Xuande, aliyetawala kuanzia 1425 hadi 1435. Simulizi zilidai kwamba mfalme huyo alipenda mno kupiganisha nyenje, na mashimo ya taka yakaonyesha kwamba simulizi zilisema kweli.

Kitako cha bakuli la kifalme kwa kawaida huandikwa herufi sita: jina la enzi, jina la kipindi cha mfalme, na kwamba kilitengenezwa wakati huo. Watu wengi hudhani kwamba ukijua kuzisoma herufi hizo umemaliza kazi. Hapana. Wafinyanzi wa wakati wa mfalme Kangxi, mwishoni mwa karne ya 17, waliandika jina la Chenghua, mfalme wa miaka 200 kabla yao, mara nyingi kwa heshima tu na si kwa udanganyifu. Herufi husomwa mwisho. Kwanza ni udongo pale ulipovunjika, kisha glezi, kisha namna kitako kilivyokatwa, kisha mkono wa mchoraji.

Kuhusu Ulaya nitasema machache, kwa sababu habari zake zimesemwa sana. Waholanzi waliiteka meli ya Wareno iitwayo Santa Catarina mwaka 1603, wakaiuza kauri yake mnadani Amsterdam, na tamaa ikawaka. Mwaka 1717 Augustus wa Saksonia aliwatoa askari wapanda farasi 600 kwa mfalme wa Prussia akapewa kauri 151. Wakati huo Johann Friedrich Böttger alikuwa tayari ameigundua mbinu ya kauri ngumu, mwaka 1708, kule Dresden. Alipata mfupa wake mwenyewe.

Sasa nyumbani. Mwanaakiolojia Neville Chittick alipochimba magofu ya Husuni Kubwa hapa Kilwa, vigae vya China vilimsaidia kukadiria umri wa tabaka. Mwenzake James Kirkman alifanya vivyo hivyo Gedi, kule Kenya, alikoanza kuchimba mwaka 1948. Kunduchi na Mambrui bakuli zilipachikwa kwenye nguzo za makaburi. Ndani ya nyumba za mawe, zidaka za ukutani zilijaa sahani, na mshairi wa Pate alipoyalilia majumba yaliyoachwa aliona makinda ya ndege yamelala pale zilipokaa. Kwa watu wetu kauri ilikuwa cheo na mapambo, na ilimsindikiza mtu hata kaburini.

Lakini kigae kina mipaka yake, na ni wajibu wenu kuwaeleza wageni mipaka hiyo. Kigae cha Longquan hapa Kilwa hakithibitishi kwamba Mchina alikanyaga Kilwa. Safari za Zheng He, amiri wa majini wa China, kati ya 1405 na 1433, zilifika pwani ya Afrika Mashariki, lakini kauri ilikuwa ikija karne nyingi kabla yake, kwa majahazi ya Waarabu, Waajemi, Wahindi na ya kwetu, ikibadilisha mikono bandari baada ya bandari. Tena sinia zuri halivunjiki mwaka linaponunuliwa. Bibi humwachia binti, binti humwachia mjukuu. Bakuli lililopachikwa kaburini linatuambia tu kwamba kaburi halikujengwa kabla ya bakuli kutengenezwa. Miaka mingapi ilipita baadaye, inabidi tuulize chungu kilicho kando yake.

Na kwa sababu hiyo nawasihi, hasa ninyi vijana mnaowaongoza wageni: kigae kikiokotwa ufukweni kikatiwa mfukoni, au kikiuzwa kwa shilingi elfu mbili kando ya boti, kinabaki kizuri vilevile, ila kimekatwa ulimi. Hakitasema tena kililala na nini, juu ya sakafu gani, chini ya jivu gani. Nilimwona mgeni mmoja akinionyesha kwa furaha mfuko mzima, nami niliyejifunza miaka 20 sikuweza kumwambia lolote zaidi ya jina la joko.

Nimesema ya kutosha. Sogeeni mezani watano watano, wazee watangulie. Anzeni na cha kijani: kishikeni kwa mikono miwili juu ya kitambaa, msianze na rangi. Kigeuzeni, muutafute wekundu kwenye kitako.